Ndoo Mbili za Pipa la Mwisho

Maji yakimwagika huzoleka. Anayesema hayazoleki hajapata kuishi Kilibula, mtaa wetu wa Uvira, katika nyumba ya Gaspard fundi wa mabomba, ambaye alikuwa baba yangu. Kwetu maji yalimwagika asubuhi, yakazolewa mchana, na kabla jua halijazama nyuma ya milima yalikuwa yamefika mizizini mwa ndizi.

Nayasema haya kwa sababu Jumapili iliyopita ukoo wetu ulikusanyika uani kumaliza matanga ya baba, miaka mitatu baada ya kifo chake, na shangazi yangu Léocadie akanitaka nipige magoti mbele ya wote niombe msamaha. Kosa langu ni ndoo mbili za maji. Bila msamaha huo, alisema, kaka yake bado hajaoshwa, na mtu ambaye hajaoshwa hajazikwa.

Basi nitaeleza ndoo zile zilitoka wapi.

Baba alifanya kazi ya maji tangu wakati wa Wabelgiji. Hakuwa na cheti, alikuwa na nondo. Bomba likivuja chini ya ardhi, aliweka ncha moja ya nondo yake udongoni na nyingine sikioni, akafumba macho, kisha akasema, "Chimbeni hapa." Walichimba, wakakuta maji. Nilipokuwa mdogo alinishikisha ile nondo nisikilize na mimi. Nilisikia kitu kama pumzi ya mtu aliyelala.

Uhuru ulipokuja mwaka wa sitini, tulicheza barabarani hadi viatu vikakatika. Wiki chache baadaye muzungu aliyesimamia pampu alifunga virago vyake akaenda Usumbura, ng'ambo ya ziwa, na ufunguo wa pampu akaenda nao. Baba alichonga mwingine kwa tupa. Mpira wa valvu ulipoisha, alikata wa tairi la lori. Kwa zaidi ya miaka miwili aliifanya ile pampu ikohoe, lakini vipuri havikuja, na mwaka wa sitini na tatu ikanyamaza kabisa. Mji mzima ukarudi mtoni Mulongwe na ziwani, ndoo kichwani.

Kwetu kichwa kilikuwa changu. Mama yangu Sidonie alikufa kabla sijajua kusoma, na baba hakuoa tena. Nilibeba maji asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Siku moja alikuwa ananisuka, maana alijua kusuka, akaona utosi wangu umenyonyoka nywele mahali ndoo inapokaa. Aliacha kusuka. Alinipa jina la mama yake, Sabine, kwa hiyo siku zote aliniita mama.

"Mama," akasema, "hii maji unabeba, tunaitumia mara moja tu, halafu tunaitupa. Ni kama kutupa shingo yako."

Kesho yake alianza kuchimba.

Alitumia mapipa manne na vipande vya mabomba vilivyobaki kazini. Maji ya kuoga, ya kufulia na ya kuosha vyombo yote yalishuka kwenye mfereji mmoja. Ya chooni hapana, hayo alisema ni habari nyingine. Pipa la kwanza lilikuwa na majani makavu ya kukamata mafuta na mapovu. La pili lilikuwa na kokoto na mchanga wa ziwani. La tatu lilijaa makaa yaliyopondwa. La nne lilikuwa tupu, likipokea yaliyopita huko kote, na chini yake kulikuwa na robine mbili za kufungia na kufungulia maji. Moja ilipeleka maji kwenye ndizi, kwa bomba lililofukiwa ili yaingie mizizini bila kugusa majani. Nyingine ilipeleka kwenye shimo la mawe nyuma ya ua, mahali pasipopandwa kitu wala kukanyagwa. Hiyo ya shimo tuliifungua siku za ugonjwa, tukifua nguo za mtu anayehara.

Sheria zake zilikuwa mbili, na alinifanya nizikariri kama katekisimu. "Hii maji hailali, ikilala inanuka. Na hii maji ni ya ndizi. Si ya kinywa, si ya mwili wa muntu."

Majirani walicheka hadi wakashika kuta. Wa kwanza alikuwa mzee Evariste, katekista, jirani yetu wa mkono wa kulia.

"Weye Gaspard, ni kweli unakunywa maji ya miguu?"

"Minye sikunywi, mzee. Ndizi ndiyo inakunywa."

"Na weye unakula ndizi. Basi miguu yako unaikula!"

"Ninakula yangu. Weye unakunywa mto, unakula miguu ya Uvira yote."

Kiangazi kilipokausha mashamba ya watu, ndizi zetu zilikuwa zimeinama kwa mikungu. Wanawake wa Kilibula waliziita ndizi za sabuni, kisha wakaja na vikapu kuziomba. Mimi nikawa nabeba ndoo nusu ya zile za zamani, na utosi wangu ukaota nywele.

Mwezi wa tano wa mwaka wa sitini na nne, wapiganaji walioasi serikali waliingia Uvira na majani vichwani. Watu waliwaita Wamulele. Sikuwacheka wakati ule na siwacheki leo. Wengi walikuwa vijana wa kwetu, wa mjini na wa bonde la Ruzizi, na uhuru ulikuwa umewapita kama gari la chifu, ukawaachia vumbi. Mganga wao aliwanyunyizia maji ya dawa ili risasi zikiwafikia ziwe maji. Aliyenyunyiziwa alipewa miiko: asiguse mwanamke, asigeuke nyuma vitani, asioge.

Mmoja wao aliitwa Kizito, mtoto wa wakulima wa Katogota, ana miaka kama ishirini. Walimweka kulinda njia ya mtoni, karibu na ua wetu. Alikuwa anajikuna mchana kutwa, shingo imejaa upele.

"Papa Gaspard," akasema siku moja, "ninawashwa. Upele utaniua mbele ya risasi."

"Si wamewakataza kuoga?"

"Mganga haiko mu bafu yako."

Baba alicheka. Alimpa sabuni na ndoo ya maji ya moto. Kizito alioga huku akiimba wimbo wa kanisani, akatoka anang'aa, akatushukuru mara tatu. Maji yake yalishuka kwenye mfereji kama maji ya mtu yeyote, na siku ile ile yakafika kwenye ndizi.

Mwezi wa tisa walipigwa vibaya bondeni. Kizito alirudi na mkono mmoja umefungwa kitambaa, na wenzake kumi na mmoja hawakurudi. Nilimwona amekaa kwenye jiwe lake njiani. Nilimsalimu, akageukia mtoni. Nadhani ni siku hizo alipokwenda kwa wakubwa wake na kusema kwamba alivunja mwiko.

Wamulele walikuja uani kwetu mwanzoni mwa mwezi wa kumi, siku ya Jumatatu, jua likiwa utosini. Tangu alfajiri ndege za serikali zilikuwa zinapita juu ya ziwa na kupiga mwambao, na hakuna aliyethubutu kwenda kuchota. Nilikuwa nimefua mashuka asubuhi kwa maji niliyochota jana yake, na baba alikuwa ameoga kama alivyooga kila siku ya Mungu, vita au amani. Mtungini yalibaki maji ya kunywa, hayafiki nusu.

Walikuwa watano. Kizito alisimama nyuma. Mkubwa wao hakuwa mkali. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Fundi, ile maji Kizito alioga kwako, ilienda wapi?"

Baba angeweza kusema ilikwenda shimoni. Neno moja tu, nao wangekwenda kuchokoa mawe na kuondoka. Lakini tangu achimbe mfereji wake, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo bila kumcheka. Niliona uso wake unafunguka. Akamshika yule mkubwa kwenye kiwiko, kama alivyokuwa akiwashika mafundi wenzake zamani, akampeleka kwenye mapipa.

"Angalia. Inaingia huku. Hapa majani, inakamata mapovu. Hapa kokoto na mchanga. Lakini kazi yenyewe iko hapa, mu makaa. Makaa inashika kila kitu: harufu, rangi, mafuta. Upande ule inatoka maji tu."

"Inashika kila kitu?"

"Kila kitu."

"Na dawa?"

Nilikuwa nyuma yao, mlangoni pa jiko. Nilitikisa kichwa kwa nguvu ili anione. Hakunitazama. Alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande mmoja, vile alivyosimama na nondo yake barabarani akisikiliza. Baba hakujua kujibu swali la kazi kwa uongo. Hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake, na sijui nyingine.

"Kama dawa ilikuwa mu ile maji," akasema, "basi iko mu makaa."

Hakuna aliyepiga kelele. Walilaza pipa la tatu ubavu, wakamwaga makaa chini, wakapiga magoti wakajipaka nyusoni na vifuani, mabichi vile vile, maji meusi yakiwatiririka hadi viunoni. Kizito alijipaka akilia. Yaliyobaki waliyajaza katika gunia. Kisha wakasema fundi aende nao akaseme kwa mganga jinsi alivyoikamata dawa yao na amempa nani. Baba aliomba avae viatu. Walimkatalia.

Alasiri mzee Evariste alimrudisha kwenye baiskeli, amemfunga kwa kitenge mgongoni pake ili asianguke. Walikuwa wamempiga kwa vitako vya bunduki. Alikuwa bado anapumua. Tulimlaza kwenye mkeka, akaomba maji, nikamimina yote yaliyokuwa mtungini, akanywa kidogo kidogo hadi yakaisha.

"Waliyamwaga makaa?" akaniuliza.

"Waliyabeba, papa."

Alifikiri.

"Utaweka ingine. Lakini uoshe kwanza, mama. Vumbi yake itaziba bomba."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Wengine wameachiwa baraka. Mimi nimeachiwa hayo, na sijapata mazito zaidi. Baadaye niliweka sikio kifuani pake, kama alivyonifundisha kusikiliza bomba. Hakukuwa na kitu ndani.

Katika ukoo wetu maji ya maiti huchotwa mapya. Mchotaji hasemi na mtu njiani, na ndoo haipitii kazi nyingine. Na maji yaliyokwisha kumwosha mfu humwagwa mahali ambapo hakuna atakayekanyaga wala kula. Nilizijua desturi hizo. Shangazi asidhani kwamba sikuzijua.

Mzee Evariste alichukua ndoo, akaelekea ziwani. Nilisikia risasi, nikadhani nimempoteza na yeye. Alirudi akitambaa ndani ya mtaro, kanzu yake ya katekista imechanika, ndoo tupu.

"Haiwezekani, mama. Barabara iko moto. Na bantu wote wanapanda mulima sasa hivi, askari iko karibu. Tumuzike hivi hivi. Mungu atamwosha."

Nilimtazama baba. Damu ilikuwa imekauka masikioni, miguu yake mitupu imejaa matope. Mtu ambaye hakuwahi kulala bila kuoga. Aliyeupa maji mji mzima kwa ufunguo wa kuchonga.

Niliinuka nikaenda uani. Pipa la tatu lilikuwa limelala na tumbo tupu, lakini la nne walikuwa hawajaligusa. Nilipiga ubavu wake kwa kidole. Lilijibu kwa sauti nzito. Yalikuwa maji ya asubuhi ile ile, hayajalala: ya mashuka yetu, ya sahani zetu mbili, na ya kuoga kwake mwenyewe. Nilisimama pale na sheria yake kichwani. Si ya kinywa, si ya mwili wa muntu. Kisha nikalegeza robine, nikajaza ndoo mbili.

Mzee Evariste alichovya mkono, akanusa.

"Iko inatoka wapi?"

"Mu pipa."

"Ile alikuwa anasema ni ya ndizi?"

"Ile."

Alinusa tena. Mtu aliyemcheka baba kuliko wote.

"Haina harufu," akasema polepole. "Alikataza kwa wazima, mama. Pengine kwa mfu hakukataza."

Sijui kama ni kweli. Sikuwahi kumuuliza baba, nani angeuliza swali kama hilo? Nilitoka nje, kwa kuwa binti haangalii, nikalisimamisha pipa la tatu mahali pake, tupu vile vile, ili maji yapite hadi la nne; mzee alimwosha baba bafuni mwa baba mwenyewe, kwa upole, akiimba. Nilisikia maji yakishuka kwenye mfereji. Tulimzika nyuma ya nyumba kabla ya giza, tukafuata watu mlimani.

Askari wa serikali walipoutwaa mji, nilirudi. Shangazi Léocadie yeye alikuwa amevuka kwenda Burundi na watoto wake, akakaa huko miaka mitatu. Huko mtoto wake wa mwisho, Damien, alikufa kwa kuhara, wakamzika na wengine katika shimo moja, hakuna aliyemwosha. Alirudi mwaka huu amekonda. Jambo la kwanza alilotaka ni kumaliza matanga ya kaka yake, kwa sababu yeye angalau alikuwa na kaburi.

Jumapili tulipika. Walikuja wajomba, mashangazi, majirani. Kulikuwa na ndagala wa ziwani, sombe ya majani ya mihogo, na ndizi zetu sufuria mbili kubwa. Mzee Evariste alisimama kusema maneno ya kumsifu marehemu, na kwa moyo mweupe kabisa akasimulia kila kitu: jinsi maji yalivyokosekana, jinsi fundi alivyooshwa kwa maji aliyoyatengeneza kwa mikono yake. Alidhani ni sifa. Hata sasa anadhani hivyo.

Shangazi aliweka sahani chini.

"Weye Sabine. Ulimwosha ndugu yangu na maji ya masufuria?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na maji ya matako ya bantu?"

"Ya kwetu sisi wawili tu."

"Unanijibu! Sasa minye ninaelewa. Ndiyo sababu Damien wangu alikufa. Ndugu yangu haikulala. Iko inatembea, iko mchafu, inatafuta maji mu watoto yetu." Alijifuta macho kwa pindo la kitenge, akaniangalia upya, na nikaona swali linakuja kabla hajalifungua.

"Na ile maji ilimwosha," akasema kwa upole, "ilienda wapi?"

Mzee Evariste aliinamisha kichwa, maana hilo hakulijua. Siku ile baba alipooshwa nilikuwa nimesimama karibu na robine mbili, mkono wangu juu ya ile ya shimo. Ningeigeuza mara moja tu. Sikuigeuza. Niliwaza: shimoni hakuna kitu kinachoota.

Ningeweza kusema ilikwenda shimoni. Neno moja tu.

"Ilikwenda kwenye ndizi, shangazi."

Mjomba Thaddée alitema kilichokuwa kinywani. Mtu mmoja aliinuka, kiti kikaanguka. Shangazi alitazama sahani yake, ndizi aliyoiuma nusu, akaisukuma mbali.

"Piga magoti," akasema. "Leta kuku mweupe, piga magoti, useme nisameheni. Useme tu. Minye mwenyewe nitakuinua."

Aliyasema karibu kwa kunibembeleza. Na mimi nampenda. Usiku wa kifo cha mama yangu ndiye aliyenilaza kifuani pake. Nikipiga magoti analala usingizi, wajomba wanamaliza chakula, matanga yanaisha. Nikikataa, hawatakanyaga tena ua huu, na baba atabaki na mimi peke yangu wa kumtaja.

Nilimwambia: "Shangazi, Damien ninamlilia, na nitamlilia na weye hadi mwisho. Kama ningekuwa kule na ndoo moja, ya pipa, ya mvua, ya mtaro, ningemwosha. Lakini baba yangu alikuwa mchafu na damu, na maji yalikuwepo. Nilimwosha. Kisha nilimpeleka alikokuwa anapeleka maji yake kila siku."

"Omba msamaha, Sabine."

Waliondoka mmoja mmoja, bila kuaga. Shangazi alikuwa wa mwisho. Alisimama langoni, mgongo umenigeukia, akisubiri. Aliuliza mara moja tena kama naomba msamaha, bila kugeuka, na nilimjibu kwa sauti ambayo hata walio barabarani waliisikia, na kwa yeyote atakayeuliza tena nitajibu vile vile.

Siombi.